Sanduku

Fomu ya mfadhili ina sanduku moja jeupe:
"Eleza matokeo. Maneno yasizidi mia mbili."
Nimekaa jikoni kwa Leili Vaher,
soksi zangu zinakauka juu ya jiko la kuni,
na neno la kwanza halijaja.

Nina sanduku jingine, la plastiki, lenye ufa ubavuni.
Miaka mitatu nimelifunika juu ya kuvumwani
ya kinamasi cha Laukasoo,
nikingoja dakika ishirini ardhi ipumue ndani yake,
kisha naivuta ile pumzi kwa bomba la sindano
kama muuguzi anayemtoa damu mgonjwa asiyelalamika.
Hewa ya ukaa, kiasi. Methani, kiasi.
Mbu hawakutengewa safu kwenye jedwali.

Nafasi yenyewe niliiona Tartu, mlangoni mwa maabara,
tangazo la mistari minne, wa mwisho ukisema:
"Mwombaji ajue kuogelea."
Nikacheka.
Wiki ya pili nilizama hadi kiunoni,
nikamwelewa mwandishi.

Leili hakunitaka.
Babu yake ndiye aliyechimba ile mitaro kwa sepeto,
akayafukuza maji apate malisho ya ng'ombe wanne.
Wakaja wenye mashine, wakaukata udongo mweusi
wakaupeleka kuchomwa mijini.
Sasa tumekuja sisi, na ruzuku na mabango,
tunaiziba mitaro, tunayarudisha maji.
"Kila kizazi," alisema, "huniletea mtu na karatasi
aje anifundishe ardhi hii ni ya nini."
Nikamjibu kwa grafu.
Akafunga mlango, taratibu, bila hasira;
baridi ilikuwa inaingia.

Mgeni nimekuja. Mwenyeji hajapona.

Fedha zilikwisha Novemba,
kama sukari inavyokwisha wageni wakiwa njiani.
Betri za vipimo zikafa kwenye barafu, moja moja,
na mimi nikarudi mjini kufundisha hesabu za jioni.
Miezi mitano ya maji bila shahidi.
Profesa alisema tutakisia, kuna kanuni ya kukisia.

Aprili nimerudi kung'oa mabomba.
Leili ameniita mwenyewe, kwa kichwa tu,
akaweka mezani kalenda ya duka la dawa.
Kila Jumapili, kwa penseli, tarakimu:
kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na tatu. Barafu.
Alikuwa akienda na futi yake ya kushonea
hadi bomba lililo karibu na ua wake,
bibi wa miaka sabini na tisa, ndani ya theluji ya magotini.
"Sikukufanyia wewe," akasema.
"Nilitaka ushahidi kwamba mnanigharikisha."

Nikasoma. Desemba maji yanapanda polepole,
kama tulivyoandika kwenye ombi letu.
Januari yanasimama, kama tulivyoandika.
Februari, tarehe kumi na sita, maneno mawili:
Ghala. Viazi.

Modeli yangu ilisema hayatafika huko.
Nimeipitia mara mbili hapa mezani,
yeye akimenya tufaha bila kunitazama.
Kinamasi kinapona: tarakimu zake zinasema hivyo.
Ghala lake limeoza: tarakimu zilezile.

Basi naanza kuandika.
Sehemu ya shukrani naiacha wazi;
jina lake nalipandisha juu, kwa waandishi,
baada ya langu, kabla ya profesa.
Vaher, L. Naandika kwamba tulikosea kwa mita arobaini,
na kwamba ombi lijalo litakuwa na fungu la mshahara
kwa mtu anayeishi hapa na kusoma bomba.

Leili amevaa miwani, anasoma begani kwangu,
kidole kikifuata mstari kwa mstari.
"Umesahau," anasema.
"Nini?"
"Magunia. Yalikuwa mawili."